Nani Atanunua Tairi?

Likizo kubwa ndiyo kwanza imeanza, na watu tayari wamechoka.

Hebu tuitazame kalenda. Tarehe 30 Juni tulikuwa barabarani kwa sikukuu ya uhuru. Mara shule zikafunga, watoto wakarudi na bulitini zao, nyumba ikajaa. Matokeo ya mtihani wa serikali yakitoka, huna haja ya kuuliza nani amefaulu. Unasikia vigelegele, unatoka nje, unakuta kijana amemwagiwa poda kuanzia nywele hadi viatu, kope zimekuwa nyeupe, na mama zake wadogo wanamkimbiza na kopo jingine. Kesho yake poda imeoshwa, na papa wake amekaa chini ya mwembe anapiga hesabu za chuo kikuu. Hapo katikati kuna mahari ya binti wa jirani, kuna ndoa mbili Jumamosi moja, na zote mbili umechangishwa. Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi, walio hai na waliotutoka. Asubuhi tunakwenda makaburini na mapanga na majembe, tunafyeka majani, tunausimamisha msalaba ulioinama, tunazungumza nao kidogo walio chini. Mchana tunarudi kula na waliobaki: wali, sombe, samaki wa mto Lualaba, na kuku kama mwaka umekuwa mzuri. Tarehe 15 Wakatoliki wana Kupalizwa kwa Bikira Maria. Ukigeuka tu ni Septemba, shule inadai madaftari.

Sasa weka kanisa juu ya hayo yote.

Sababu ya makanisa kuuchagua msimu huu inaeleweka. Kindu, mji wetu, iko kusini kidogo ya ikweta, haifiki digrii tatu, na kuanzia Juni hadi Agosti ndipo mvua inapotupa nafasi. Njia zinakauka, magogo ya madaraja yanaonekana, walimu na wanafunzi wako huru. Basi kila mwenye kengele anaipiga wakati huo huo. Wakatoliki wana upadrisho, kipaimara na kambi za vijana wa Xaveri, chama ambacho Padri Georges Defour alikianzisha Bukavu mwaka 1952 na ambacho watoto wetu wanakivalia skafu mpaka leo. Waanglikana wana dayosisi yao hapa Kindu tangu 1997, na aliyekuwa askofu wake, Zacharie Masimango Katanda, ndiye aliyechaguliwa mwaka 2016 kuwa askofu mkuu wa Kongo nzima. Wamethodisti nao askofu wao wa Kongo Mashariki amekaa hapa hapa mjini. Makanisa ya uamsho yana makesha yao, hayo hata usipoalikwa utayasikia kutoka kitandani. Na Waislamu, ambao Maniema inao wengi kuliko karibu mkoa wowote wa nchi hii, nao wana ndoa zao na madrasa zao za likizo, na kwa kuwa familia zetu zimechanganyika, mtu huyo huyo aliyepanga viti vya kipaimara asubuhi ndiye anayebeba sufuria ya pilau jioni.

Mimi sisemi kanisa lipunguze. Nani atanisikia? Nasema tu kwamba mama wa nyumba ya kawaida ya Mikelenge, hapa mjini, anaingia Agosti akiwa na wajukuu sita sebuleni, wanakwaya wanne wa ugenini waliolazwa chumba cha wavulana, kitenge cha sherehe hakijashonwa, na zamu ya kupika kwa ajili ya semina Jumatano na Alhamisi. Halafu, katikati ya hekaheka hiyo, inakuja barua kutoka Kasongo.

Barua ya Kasongo ni ya namna mbili. Ya kwanza ina muhuri: kuna mkutano wa vijana, au semina ya wakatekista, parokia ilete wajumbe. Ya pili haina muhuri, imeletwa kwa mdomo na mtu aliyepita: bibi yenu miguu imevimba, anasema hajaona mjukuu hata mmoja tangu mwaka juzi. Mara nyingi zinafika pamoja, na wazee wa familia wakikaa na wazee wa kanisa wanagundua kwamba mtu wa kutumwa ni mmoja. Ni kijana wa kati, si mdogo wala hajaoa, ana miguu, na zaidi ya yote ana baiskeli.

Kutoka hapa hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita mia mbili kwenda kusini. Njia yenyewe si ya jana. Kasongo ndiko alikokuwa na makao Tippu Tip, na Nyangwe, soko la mtoni ambako Livingstone alishuhudia mauaji ya Julai 1871, haiko mbali na hapo. Lugha hii ninayosema nanyi ilipanda kwa njia hizo hizo, mabegani mwa watu, pamoja na pembe na minyororo. Msafiri wa leo hapandi ndege kwa sababu ya bei. Pikipiki inakwenda, lakini petroli inameza kile ambacho ungempelekea bibi. Reli tunayo, ndiyo iliyoufanya mji huu uwe mji: Wabelgiji waliijenga kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo mwanzoni mwa karne iliyopita, kwa sababu maporomoko ya kule juu hayapitishi meli, na kutoka hapa bidhaa zikaendelea kwa mto hadi Ubundu, kisha reli tena hadi Kisangani. Leo treni ikifika, watu wanakimbilia stesheni kuitazama. Hakuna anayepanga likizo yake kwa kuitegemea.

Waliokuwa wamekwisha kupata akili miaka ya vita, kuanzia 1998, wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa reli iliposimama na mto ukafungwa. Chumvi ilifikaje? Sabuni? Dawa ya malaria? Vilifika kwa baiskeli, zikisukumwa, hazikuendeshwa. Mtu alifunga fimbo ndefu kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, akatembea pembeni na mzigo mzito kuliko mwili wake, siku baada ya siku, msitu kulia, msitu kushoto. Kuna nyumba za matofali mjini humu zilizojengwa na magurudumu mawili. Septemba 2025 mabingwa wa dunia walishindana Kigali, mara ya kwanza mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani kufanyika Afrika, kwa baiskeli unazoweza kuziinua kwa vidole viwili. Nilitazama kwa furaha. Lakini ningependa kumwona bingwa mmojawapo akipanda kilima cha kwenda Pangi na bidoni tatu za mawese.

Na nikiwa hapo, niseme jambo linaloniuma kidogo kila nikiona tairi. Tairi la upepo la baiskeli lilipata hati yake ya uvumbuzi mwaka 1888, mikononi mwa daktari wa mifugo aliyeitwa Dunlop, huko Belfast. Baada ya miaka michache tu Ulaya na Marekani zilishikwa na wazimu wa baiskeli, na mpira ukatafutwa kila pembe ya dunia yenye joto. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika mitambaazi ya misitu ya Kongo, wakati wa Leopold wa Pili, hadi nchi ilipotoka mikononi mwake mwaka 1908. Wanavijiji walilazimishwa kuukusanya, wake zao wakishikwa rehani, na wasiotimiza kipimo wengine walikatwa mikono. Babu zetu waliyalipia matairi hayo kabla hawajaiona baiskeli yenyewe. Leo tunayanunua sokoni kutoka China na India.

Turudi kwa kijana wetu, maana ana wiki mbili za kujiandaa.

Kazi ya kwanza ni kwa fundi. Mjini humu fundi mzuri hana kibao, ana mti, na chini ya mti ana bakuli la maji, pampu, kipande cha chuma cha reli anachokitumia kama fuawe, na kopo la vitu ambavyo wewe ungevitupa. Baiskeli inageuzwa, magurudumu juu. Fundi analizungusha la nyuma, anashikilia kidole karibu na ringi bila kuligusa, anasikiliza. Panapokwaruza ukucha, hapo pamepinda. Anakaza spoki ya upande huu robo, analegeza ya upande ule robo, anazungusha tena. Hana haraka, na ukimharakisha anaweka spana chini na kuanza kuzungumza habari za mpira. Kisha anafungua ekseli, anamwaga gololi kwenye kifuniko, anazihesabu, anazisafisha kwa mafuta ya taa, zilizolika anazitenga. Hapo ndipo safari nyingi za Kasongo huokolewa au hupotea, maana gololi moja iliyovunjika ndani ya gurudumu la nyuma lenye mzigo itatafuna kikombe chote kabla hujafika mbali. Spoki za nyuma anaongeza nene. Karia ya kiwandani anaicheka, anaitoa, anafunga ya nondo. Na anauliza swali lake la mwisho, ambalo mafundi wote wanauliza: "Baiskeli hii inabeba nini?"

Kijana anajibu kwamba ni nguo zake tu na zawadi ya bibi.

Fundi anatabasamu. Anazijua Jumapili za mji huu.

Kwa sababu Jumapili kabla ya safari mchungaji anamwita mbele ya madhabahu, anamwombea, kwaya inaimba, watu wanapiga makofi. Ibada ikiisha, kijana hafiki hata mlangoni. Mama mmoja ana kifurushi cha dawa za presha kwa ajili ya dada yake. Mzee wa kanisa ana vitabu vya nyimbo, kumi na viwili, vya jalada gumu. Mwalimu ana bahasha ya vyeti. Shangazi yake mwenyewe, ambaye huwezi kumkatalia, ana sabuni katoni nzima, "ndogo tu mwanangu, hata hutaisikia". Umoja wa Wamama una vitenge vya sherehe. Kuna mtu anatuma chumvi. Kuna mtu, na huyu yupo kila mwaka, anatuma kiti. Jumatatu kijana ana daftari limejaa majina, na nguo zake mwenyewe amezipunguza zibaki shati mbili ili vitabu vya nyimbo vipate nafasi.

Wahenga walimaliza: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katoni ile ya sabuni ni nyepesi kabisa ukiwa umeisimamia pale mlangoni mwa kanisa na mikono mitupu.

Hili ndilo nililolijia leo. Mfanyabiashara wa baiskeli anayesukuma mawese na mchele analipwa kwa mzigo wake, na akilipwa ananunua tairi. Mjumbe wa kanisa na wa familia anabeba karibu uzito ule ule, njia ile ile, na anarudi na asante. Asante tunazitoa kwa wingi na kwa moyo, sikatai. Lakini Oktoba, mvua ikiwa imesharudi, tairi lake la nyuma limebaki nyuzi tupu, mpira wa ndani una viraka juu ya viraka, na yeye mwenyewe ana magunia ya mpunga shambani Kailo anayotaka kuyafikisha sokoni kabla bei haijaanguka. Hapo hakuna shangazi, hakuna Umoja wa Wamama, hakuna kwaya. Anakwenda kukodi baiskeli ya mtu mwingine.

Nilipolisema hili wiki iliyopita mbele ya wazee, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinikatiza. Alisema, "Mwanangu, undugu hauuzwi. Sisi tulibebeana bila kuulizana bei, na ndiyo maana tulivuka vita." Nikamwambia, ndiyo, papa, undugu hauuzwi, ila tairi linauzwa, na duka halikopeshi. Akacheka, hakukubali. Nami naelewa anachokiogopa. Anaogopa siku ambayo mjukuu ataambiwa apime dawa za bibi kwenye mizani kabla ya kuzipokea. Siku hiyo nami siitaki. Lakini miaka ile anayoikumbuka, mwenye baiskeli alipewa pia mahali pa kulala, chakula cha njiani, na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kumsaidia kusukuma kilimani. Mzigo ulikuwa wa wote mpaka mwisho wa njia. Sisi tumeubakiza ule upande wa kutuma tu.

Wala sizungumzii gharama ya njiani, ambayo anayetuma haioni. Kuvuka mto kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili ya mji, ni mtumbwi, kwa kuwa daraja hatuna. Baiskeli yenye mzigo inalazwa kukingama, gurudumu la mbele linaning'inia juu ya maji, na mpiga kasia anatoza mara mbili: mtu na mzigo wake. Mito ya mbele ina vivuko vyake. Halafu kuna vile vizuizi, kila kimoja na kamba yake na sababu yake. Ukiwa na barua ya parokia yenye muhuri wengine wanakupisha, wengine wanaisoma barua nzima mpaka chini, polepole, kisha wanauliza kama hakuna kitu cha kununulia sigara. Usiku analala kwa mkatekista wa kijiji, na mkatekista huyo naye si tajiri: anakupa maji ya kuoga na wali, wewe unamwachia sabuni. Ile ya katoni ya shangazi? Hapana, hiyo imehesabiwa. Sabuni yake mwenyewe.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo, na watakaopenda walichukue. Anayetuma kitu atume na kiraka. Simaanishi bei ya usafirishaji. Namaanisha kwamba mama wa dawa za presha aongeze mirija miwili ya gundi, mwalimu wa vyeti atoe noti kidogo kwa ajili ya gololi, na mwenye kiti, kama kweli hawezi kuishi bila kiti hicho kufika Kasongo, alete tairi zima. Na parokia, badala ya kungoja kuguswa moyo siku ya safari, iandike baiskeli katika bajeti yake ya mwaka, tairi mbili na mipira miwili kwa kila mjumbe anayetumwa. Tuna fungu la vipaza sauti. Tuna fungu la maua ya madhabahuni, ingawa msitu umetuzunguka. Fungu la tairi sijawahi kuliona, kwa sababu halijawahi kuwapo.

Jambo la pili ni fupi, na najua litaleta maneno. Kwa nini mjumbe awe mvulana siku zote? Wasichana ndio wanaoijaza kwaya, ndio wanaopeleka mihogo sokoni alfajiri kutoka vijijini, na wengi wao wanaendesha baiskeli vizuri wakiwa nje ya mji, mahali ambapo mjomba hawaoni. Barua ya semina inasema "vijana". Wakitumwa wanne pamoja, wasichana wawili na wavulana wawili, mzigo unagawanyika, njia inakuwa salama zaidi kwa wote, na bibi wa Kasongo anayemwulizia mjukuu wake wa kike kila mwaka atamwona kwa macho. Wazazi wenye hofu wana haki ya hofu yao; njia zetu si bustani. Basi wapange pamoja na parokia watakakolala. Wasikatae tu kwa kunyamaza, kama tunavyofanya sasa.

Kwa mnaosafiri wiki ijayo, mafundi wamenipa maneno machache niwafikishie. Msipake mawese kwenye cheni: yanashika vumbi na kufikia siku ya pili cheni inalia. Jazeni upepo asubuhi na si mchana wa jua. Bebeni mipira miwili ya ndani mizima na kipande cha mpira mkuukuu wa kukatia viraka. Mzigo mzito ukae chini na karibu na ekseli, si juu ya karia. Vitabu vya nyimbo chini, vitenge juu. Jaribuni kwanza mkiwa na mzigo kamili, mtoke nao hadi nje ya mji na kurudi, kwa kuwa kamba inayolegea hulegea katika kilomita za mwanzo. Karanga za kukaanga zinakaa kuliko mkate. Na anayevuka na mtumbwi wa kwanza alfajiri anapata saa tatu nzima za ubaridi kabla jua halijaanza kazi yake.

Parokia yetu ina kikao cha maandalizi Jumamosi hii, saa nane mchana. Nimeiona ajenda. Namba moja ni sare mpya za kwaya. Namba mbili ni jenereta. Namba tatu ni wajumbe wa Kasongo, na mbele yake katibu ameandika: kuombewa. Nimemwomba aongeze neno moja. Amesema italazimu kikao kiamue.